Kabla Hujahamisha Bidoni

Maneno haya, juu ya jinsi mtoto mdogo anavyopanga vitu kwa mafungu, niliyasema mbele ya wazazi na walimu wa maternele, yaani shule ya watoto wa kabla ya darasa la kwanza, hapa Goma, Jumamosi moja asubuhi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, nikapunguza marudio. Maswali nimeyaacha mwishoni, kwa sababu swali la nyanya, ni tunda au ni mboga, lilizua mjadala ambao sikuutegemea.

Wamama, wapapa, walimu wenzangu, nawasalimu sana, karibuni.

Najua Jumamosi ni siku ya soko na ya kufua, na mama aliyeketi karibu na mlango ameshanionya kwamba saa nne atatoka, nimemaliza au sijamaliza. Basi tuanze na kazi kabla ya maneno. Kwenye kila meza kuna sinia, na ndani ya sinia kuna maharagi ya kila namna niliyoyapata soko la Virunga jana jioni. Mama muuzaji alinishangaa nilipomwomba anichanganyie makusudi, maana wateja wengine wanamgombeza kwa kuchanganya. Yapangeni. Sitawaambia mpange vipi. Mikono ifanye kazi, masikio mniachie mimi.

Nimefundisha maternele miaka mingi, na miaka ya mwanzo nilikuwa nakosea jambo moja karibu kila siku. Nilikuja kulijua hivi. Nilikuwa nimemwaga vitu vya nyumbani kwenye mkeka: sufuria ndogo, mwiko, makala kwenye kifuko, vikombe viwili vya plastiki, ndala, kitambaa, bidoni la lita 5, lile dumu la plastiki la kuchotea maji. Nikawaambia watoto, wekeni pamoja vitu vinavyofanana. Kichwani jibu nilikuwa nalo tayari: plastiki huku, chuma kule, nguo pale. Katoto kamoja ka miaka minne kakachukua bidoni, kakaliweka pamoja na sufuria na makala. Nikaliondoa, nikalipeleka kwenye vikombe. Kakanitazama, kakalirudisha. Nikaliondoa tena. Kakalirudisha tena, na safari hii kakalikumbatia kabisa. Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: kwa nini?

"Bila maji bugali haiwezi iva, Mwalimu."

Nyinyi watu wa Goma bidoni mnalijua. Mwenye kiwanda ataliita plastiki. Mtoto anayeamshwa alfajiri na bidoni tupu zikigongana njiani kwenda ziwani hana habari ya plastiki. Kwake hilo ni maji, na maji ni jikoni. Alikuwa amepanga vizuri kuliko mimi, kwa sababu yeye alikuwa na sababu na mimi nilikuwa na mazoea tu.

Baadaye nilisoma na kukuta kuna wakubwa waliofundishwa somo hilo kabla yangu. Mwaka 1931 na 1932 mtaalamu wa saikolojia kutoka Urusi, Alexander Luria, alikwenda kwa wakulima wa Uzbekistan na picha za vitu vinne: nyundo, msumeno, shoka na gogo. Aliwauliza kipi si cha kundi hilo. Yeye alitegemea waondoe gogo, maana vile vitatu ni vifaa vya kazi. Wakulima wakakataa. Msumeno unakata gogo, shoka linalipasua, sasa ukiondoa gogo hivyo vingine vitafanya kazi gani? Luria akawaambia kuna mtu mwingine aliyeondoa gogo. Mmoja akajibu kwamba huyo mtu labda kuni anazo nyingi tayari.

Habari ya pili inatoka Liberia, kwa Wakpelle, na hiyo naipenda zaidi. Watafiti wa Kimarekani waliwapa wakulima vitu 20, vyakula, vifaa vya kazi, vyombo na nguo, wakawaomba wavipange. Kisu kikaenda kwa chungwa kwa sababu kinalikata. Jembe likaenda kwa kiazi. Walipoulizwa, wakulima wakasema hivyo ndivyo mtu mwenye akili anavyopanga. Mtafiti mmoja, amekata tamaa, akauliza: na mpumbavu angepangaje? Mara moja wakavipanga mafungu manne safi: vyakula hapa, vifaa pale, vyombo, nguo. Kile ambacho watafiti walikuwa wamekisubiri muda wote wakidhani wale watu hawakiwezi!

Naomba mtu asitoke hapa akisema Mwalimu amesema sisi tunawaza hivi na Wazungu wanawaza vile. Mtoto mdogo, awe wa Goma au wa Geneva, mara nyingi huanza na jikoni: kinachotumika pamoja kinakaa pamoja. Shule ndiyo inayodai ule mpango wa pili, wa matunda na matunda, vyombo na vyombo, na shule ina haki ya kuudai, kwa sababu kesho mtoto huyo atafundishwa wadudu na ndege, namba shufwa na witiri, nomino na vitenzi, na yote hayo ni mafungu. Ninachokataa ni kumnyang'anya wa kwanza ili tumpe wa pili. Mwambie: umepanga vizuri, kwa nini? Akishasema, mwambie: sasa tupange kwa njia nyingine.

Walimu, hapo kwenye "njia nyingine" mtahitaji subira. Mtoto wa miaka miwili anaweza kulinganisha kitu na pacha wake, ndala kwa ndala, kijiko kwa kijiko, na hiyo tayari ni kazi kubwa. Wa miaka mitatu anafuata kanuni moja, tuseme rangi. Mwombe abadilishe, sasa tufuate umbo, utaona jambo la ajabu. Mtaalamu Philip Zelazo wa Kanada na wenzake walilipima kwa kadi zenye sungura na mashua, nyekundu na za buluu. Mtoto wa miaka mitatu anakwambia kwa mdomo wake kanuni mpya ni ipi, kisha mkono unaendelea na ile ya zamani. Ukimwuliza tena anakujibu sawasawa, na kadi inayofuata anaiweka palepale pa zamani. Hana kiburi, wala hakosi akili. Kuiacha kanuni ni kazi nyingine kabisa kuliko kuijua, na sisi wakubwa tunaijua kazi hiyo kila tunapobadilishiwa njia ya kwenda kazini. Wengi wakifika miaka mitano wanabadilisha bila shida. Kwa hiyo mwalimu anayempiga makelele mtoto wa miaka mitatu, "nimekwambia umbo, si rangi!", anamgombeza kwa sababu ya umri wake.

Na hata huyo wa miaka mitano ana ukuta wake. Mwekee ndizi sita na maembe mawili. Mwulize: ndizi ni nyingi au matunda ni mengi? Atasema ndizi. Jean Piaget na Bärbel Inhelder waliuliza hivyo kwa maua na shanga huko Geneva, na wakaona kwamba mpaka karibu miaka saba au minane mtoto hawezi kushika ndizi mkono huu kama ndizi, na wakati uleule akaihesabu ndani ya matunda. Anazilinganisha na maembe, ndicho kitu anachokiona. Wazazi, jaribuni leo nyumbani, lakini msicheke.

Watu wananiuliza vifaa vya kufundishia vinanunuliwa wapi. Havinunuliwi. Daktari wa Italia, Maria Montessori, alipofungua nyumba yake ya watoto Roma mwezi Januari 1907, katika mtaa wa maskini, moja ya mambo aliyoyatia maanani ni kifaa kinachomsahihisha mtoto chenyewe, bila mdomo wa mwalimu. Jikoni kwako kipo: masufuria matano na vifuniko vyake. Changanya vifuniko, mpe. Kifuniko kikubwa kikikaa vibaya kitamwambia chenyewe, na wewe utaendelea kumenya viazi vyako vya Masisi.

Kisha kuna mawe. Goma hatuna uhaba wa mawe. Najua wapo humu waliopoteza nyumba tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani, wengine tena tarehe 22 Mei 2021, na kwao jiwe hilo si la mchezo. Mzazi mmoja aliwahi kuniomba nisimpe mwanawe, nikamsikiliza. Kwa wengine, okoteni mawe ya ukubwa wa ngumi, myaoshe, mchague yasiyo na ncha kali. Mfunge mtoto macho kwa kitambaa, apange mazito na mepesi kwa mkono. Atashangaa kukuta jiwe kubwa ni jepesi kuliko dogo. Lile jepesi lina matundu, kwa sababu lava ilipopoa ilikuwa imejaa mapovu ya gesi. Kumbe ukubwa na uzito si kitu kimoja! Hilo nilijaribu kulieleza kwa maneno mwaka mzima nikashindwa. Jiwe liliwaelewesha kwa dakika tano.

Lugha nayo imeshaanza kazi kabla yetu. Kiswahili cha vitabu kinapanga dunia kwa ngeli: mti na mgomba wanaingia mlango mmoja, kiti na kijiko mlango mwingine, na chenye pumzi kinapewa njia yake hata kikianza na ki-: kiti kimeanguka, lakini kijana ameanguka, kiboko ameanguka. Ndugu zetu wa pwani wanatucheka huku Kivu kwamba tunasema "kiti yangu", "kitabu yangu", na ni kweli, milango mingi tumeibomoa. Lakini tumebaki na mmoja tunaoutumia kuliko wao: katoto na tutoto, kanyumba na tunyumba. Mwambie mtoto wa Goma, niletee kale kasufuria, hatakuletea kubwa. Huo ni mpango wa ukubwa, na aliujua kabla hajaingia darasani. Ndiyo maana ninafurahi kwamba sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imezipa lugha zetu nafasi maternele. "Grand" na "petit" vitakuja. Vikija vitakuta nyumba tayari.

Rangi pia. Kiswahili kina rangi tatu tu zinazobadilika kama sifa nyingine: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Nyingi ya zilizobaki tumeziazima kwa vitu: kijani ni majani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, manjano ni kile kiungo cha pilau. Kwa hiyo mtoto asiyejua jina la rangi msimwambie hajui rangi. Mwulizeni inafanana na nini. Akisema "kama bidoni", amejibu njano.

Sasa nisikilizeni kidogo bila maharagi. Wekeni mikono chini.

Chini ya miaka mitatu maharagi asipewe. Yanaingia puani, yanaingia masikioni, yanamkaba. Mpeni vikubwa, visivyoingia mdomoni. Na hata mkubwa asiyatafune mabichi. Maharagi mekundu mabichi yana sumu inayoleta kutapika vibaya, na ni kuchemshwa sawasawa kunakoiondoa. Betri ndogo za duara, zile za saa na za michezo inayolia, zisikaribie mkeka kabisa. Mtoto akiimeza, si jambo la kusubiri asubuhi: ni hospitali saa hiyohiyo, maana inaunguza koo kwa ndani.

Na kuna upangaji mmoja ambao kosa lake ni letu, si la mtoto. Mafuta ya taa mnayaweka katika nini? Ninaona watu wanatazama chini. Katika chupa ya Fanta. Javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, mnaiweka katika nini? Katika chupa ya maji ya kunywa. Tumemfundisha huyu mtoto miaka miwili kwamba chupa ya umbo hili ni kitu kitamu. Amepanga vizuri, ameshika kanuni yetu, amefungua, amekunywa. Kisha tunasema mtoto ni mtundu! Na akinywa mafuta ya taa msimtapishe, wala msimpe maziwa ati yatasafisha. Mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni. Mpelekeni kwa daktari, na ile chupa mwende nayo. Kama mtasahau mawe, ndizi na sungura wa Kanada, sitalalamika. Hili la chupa nitawauliza tukikutana tena.

Haya, masinia. Meza ya kwanza mmepanga kwa rangi: mekundu, meupe, ya njano, yenye madoa. Mazuri. Meza ya pili? Mnasema haya yanaiva haraka, haya yanamaliza makala. Hiyo ni meza ya watu wanaonunua makala wenyewe. Meza ya tatu mmepanga kwa bei. Na meza ya nne, wapapa watupu, bado mnabishana, mna mafungu mawili na rundo la katikati ambalo hakuna anayelitaka. Tazameni vizuri rundo hilo, kwa sababu watoto nao watakuwa nalo kila siku, na msilifiche chini ya mkeka. Mimi darasani nina kikapu chake, kinaitwa "bado". Kitu kisicho na mahali kinaingia humo, na siku ya Ijumaa tunakimwaga na kuuliza tena. Juzi kulikuwa na chukudu ndogo ya mti, mfano wa ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyochongewa mtoto mmoja na babu yake: ni mchezo au ni gari? Watoto waligawanyika. Waliosema gari walikuwa na hoja kwamba babu huyo anabebea viazi chukudu ya namna hiyohiyo, kubwa. Imerudi kikapuni.

Nimemaliza yangu. Maswali.

Mama mmoja aliuliza juu ya mwanawe wa miaka mitatu, ambaye kila siku anapanga vifuniko vya chupa kwenye mstari mrefu na analia mtu akikigusa kimoja. Jirani alimtisha kwamba hiyo ni ugonjwa. Nilimjibu kwamba kupanga mstari peke yake si ugonjwa. Wengi wa umri huo wanapenda mistari na wanapenda isiguswe. Nikamwuliza: ukimwita jina anageuka? Anakuonyesha kitu kwa kidole ili mkitazame pamoja? Maneno aliyokuwa nayo ameyapoteza? Alisema anageuka, anaonyesha, na anaongea mpaka majirani wanachoka. Basi mwachie mstari wake, na wewe anza wa kwako pembeni. Lakini mzazi ambaye majibu yake ni kinyume asimsikilize jirani wala mimi, aende kwa daktari mapema.

Mwalimu mmoja mwenye watoto zaidi ya 50 darasani aliniuliza atawezaje kumwuliza kila mmoja kwa nini. Hawezi. Awaulize watatu kwa siku, na wengine wasikilize. Mtoto anajifunza zaidi kutokana na sababu anayoitoa mwenzake kuliko ile anayoitoa mwalimu.

Halafu akasimama papa mmoja wa meza ya nne, ambaye kazi yake ni kutayarisha karatasi za forodha mpakani. Akauliza: nyanya iwekwe wapi? Mwanawe aliiweka kwenye matunda, shuleni wakampa alama mbaya.

Nilimwambia kwamba swali hilo lilifika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1893. Sheria ya ushuru ya huko ilikuwa inatoza mboga na kuacha matunda, na mfanyabiashara mmoja akadai nyanya ni tunda ili arudishiwe pesa zake. Mahakama ikasema: ndiyo, kwa mtaalamu wa mimea nyanya ni tunda, lakini kwa mpishi na kwa mnunuzi ni mboga, na ushuru utamfuata mpishi. Kwa hiyo mtoto wako yuko upande wa wataalamu wa mimea, na mwalimu wake yuko upande wa mahakama. Hiyo alama mbaya ilitoka wapi mimi sijui.

Papa akacheka, akasema hata kwenye namba za forodha nyanya iko sura ya 07, pamoja na mboga. Nikamwuliza, na avoka? Akajibu bila kufikiri: sura ya 08, matunda. Ukumbi ukapiga kelele. Mmoja akauliza sambaza wako wapi. Wako na samaki, akasema. Mwalimu mmoja akamkatiza: lakini ukiniuliza nyumbani leo tunakula bugali na mboga gani, nitakujibu sambaza! Na ana haki. Kwa wengi wetu mboga ni kile kinachoteremsha bugali, kiwe na majani au na mapezi, na neno la Kifaransa la kitabuni halitoshi hapo. Mtoto akiweka sambaza, majani ya sombe na ya lenga-lenga kapu moja, amepanga Kiswahili.

Saa tano kasorobo nilikuwa nakusanya masinia. Mama wa karibu na mlango, yule wa saa nne, alikuwa bado amesimama na mfuko wake begani, akimweleza papa wa forodha kwamba kwake avoka haijawahi kuliwa bila chumvi na bugali, na kama hiyo ni tunda, basi aje amwonyeshe yeye mboga ni nini.